Picha inapokatika kwenye sinema ya nyumbani: tafuta kipande kibovu kabla ya kununua waya

Filamu imefika patamu, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili, kisha picha inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Baada ya muda, tena. Watu wengi hapo hukimbilia kununua waya mpya wa HDMI. Wapo wanaopona kwa dawa hiyo. Wengine hubaki na waya mpya wa bei mbaya na giza lile lile, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mpangilio mmoja wa TV, kwenye swichi ya kuchagulia HDMI iliyojificha nyuma ya kabati, au kati ya vifaa viwili visivyoelewana.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa kawaida: chanzo kimoja au zaidi (king'amuzi, deki ya Blu-ray, konsoli ya gemu, kisanduku cha kutazamia filamu mtandaoni), risiva ya sauti au saundbaa katikati, na TV au projekta mwishoni. Kama huna risiva, hatua nyingi bado zinakuhusu na kazi yako ni nyepesi zaidi. Andaa rimoti zote, waya mmoja mfupi wa HDMI unaoujua kuwa ni mzima, tochi, na karatasi ya kuandikia.

Kwanza angalia inakatika vipi

Tatizo la "picha inakatika" hubeba maradhi tofauti kabisa, na kila moja lina sura yake. Ukiitambua sura, umeshavuka nusu ya safari.

Picha ikiganda na kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya skrini, acha nyaya zako. Huo ni mtandao au programu unayotazamia. HDMI ikiharibika haichori kiduara. Inaleta giza, chenga, mistari, au maandishi ya TV kwamba hakuna signali.

Chenga ni vidoti vyeupe au vya rangi vinavyometameta juu ya picha, mara nyingi vikionekana zaidi kwenye sehemu zenye giza. Hizo ni taarifa zinazopotea njiani, na mshukiwa wa kwanza ni waya au kasi ya data inayoushinda waya. Utashangaa kuona sauti iko safi huku picha ikiwa na chenga, ilhali zote zinapita kwenye waya huo huo. Sababu ni kwamba hadi HDMI 2.0, sauti hupakiwa pamoja na hesabu za kusahihisha makosa, lakini data ya picha haina ulinzi huo. Kwa hiyo picha huugua kabla ya sauti.

Hapa kuna tahadhari kwa wenye konsoli mpya. HDMI 2.1 ikifanya kazi kwa mfumo wake wa kasi kubwa, ule unaoitwa FRL, picha nayo husahihishwa. Matokeo yake ni kwamba huzioni chenga za kukuonya. Picha inakuwa safi kabisa, safi, safi, halafu giza. Usiseme "waya ni mzima kwa kuwa sijaona chenga" ikiwa unacheza gemu kwa fremu 120 kwa sekunde.

Giza la sekunde moja hadi tano, kisha picha inarudi yenyewe, maana yake vifaa vimepotezana na kuanza upya kutambuana. Huenda signali ilidhoofika kwa kitambo, au ukaguzi wa haki za maudhui ulishindwa, au muundo wa picha ulibadilika.

Huo wa kubadilika muundo wala si ugonjwa. Filamu nyingi zimetengenezwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na menyu ya kisanduku chako huenda inatoka kwa fremu 60. Ukibonyeza kucheza, chanzo kinahama kutoka 60 kwenda 24, TV inazima picha kidogo ili ijipange, na ukitoka kwenye filamu inafanya hivyo tena. Kutoka picha ya kawaida kwenda HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ni hivyo hivyo. Giza likitokea mwanzoni na mwishoni tu mwa filamu, huna cha kutengeneza. Unaweza kuzima ulinganishaji wa fremu kwenye chanzo, lakini mimi ningeuacha: filamu inayotoka kwa mwendo wake halisi inafaa zaidi kuliko hizo sekunde mbili. Kinachoudhi kweli ni programu inayoruka kati ya HDR na picha ya kawaida kila tangazo linapoingia. Hapo nenda kwenye mipangilio ya chanzo, uchague muundo mmoja na uufunge.

Mwisho, kuna giza linalofuata tukio la nyumbani: friji imewaka, taa imezimwa, mtu ameinuka kitini. Tutalirudia.

Andika kwenye karatasi: giza lilidumu sekunde ngapi, sauti ilikatika au iliendelea, kilikuwa kinachezwa nini, na muundo gani wa picha ulikuwa unaingia. Hilo la mwisho utalipata kwa kubonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya risiva au TV. Linaonyesha kama ni 1080p au 4K, fremu ngapi, na kama HDR imewaka.

Maswali mawili ya kuuliza wakati giza lipo

La kwanza ni la menyu. Fungua menyu ya TV yenyewe, si ya chanzo, na uiache ikae juu ya picha hadi giza litokee. Kama menyu inabaki na picha iliyo nyuma yake ndiyo inayotoweka, skrini ya TV ni nzima na tatizo liko kwenye tundu lake au huko signali inakotoka. Kama menyu nayo inatoweka, basi huenda TV yenyewe ndiyo inayozima: taa za nyuma ya skrini, umeme wake wa ndani, au bodi. Ikithibitika hivyo, huna la kutafuta kwenye HDMI. Ita fundi.

La pili ni la sauti, na hili linawafaa wenye risiva inayopokea chanzo na kupitisha picha kwenda TV. Chanzo kinatuma picha na sauti kwa pamoja hadi kwenye risiva, risiva inachukua sauti na kupeleka picha mbele. Sasa, skrini ikiwa nyeusi huku spika zinaendelea kuimba bila kutetereka, waya wa kutoka chanzo hadi risiva unafanya kazi yake. Kosa liko kwenye waya wa risiva kwenda TV, au kwenye matundu yake mawili. Ikikatika sauti pamoja na picha, anza na upande wa chanzo, ingawa bado usihukumu: TV ikipotea kisha ikarudi, risiva nyingi hulazimisha chanzo nacho kianze upya, na sauti inakwenda na maji.

Maswali haya mawili hayagharimu chochote, na bado ndiyo yanayorukwa na kila mtu.

Zima kila kitu, kweli kweli

Kuzima kwa rimoti kunaviacha vifaa nusu macho. Chomoa plagi zote ukutani, TV, risiva na vyanzo, subiri dakika chache, kisha washa kwa mpangilio: TV kwanza, ikishawaka risiva, mwishoni chanzo. Kwa njia hiyo kila kifaa kinapouliza "mbele yangu kuna nani?" kinapata jibu kamili.

Wakati vimezimwa, chomoa kila kichwa cha HDMI na umulike tochi. Tafuta vumbi ndani ya tundu, pini iliyopinda, tundu linalocheza ukiligusa. Kichwa cha HDMI hakina skrubu wala kufuli, kimeshikiliwa kwa msuguano tu, kwa hiyo waya mzito unaoning'inia nyuma ya TV ya ukutani hujivuta taratibu mpaka unagusa kwa shida. Rudisha kila kimoja mpaka mwisho. Waya ukining'inia, ufunge mahali ili uzito usiende kwenye tundu.

Fupisha njia

Hapa ndipo ugonjwa hupatikana mara nyingi. Chukua chanzo kinachosumbua, kiunganishe moja kwa moja na TV kwa ule waya mfupi mzima. Hakuna risiva, hakuna swichi, hakuna splita ya kugawa picha, hakuna adapta ya pembe, hakuna waya uliopita ukutani. Cheza kitu kile kile kilichokuwa kinakatika na ukipe muda mrefu kuliko nafasi ya kawaida kati ya giza moja na jingine. Kama kawaida inakatika kila robo saa, dakika tano za utulivu hazithibitishi kitu.

Bado inakatika? Badilisha tundu la TV. Bado? Weka chanzo kingine kwenye tundu na waya huo huo. Ugonjwa ukihama na chanzo, umempata mwenye kosa. Ukibaki kwenye TV hata ubadilishe chanzo, waya na tundu, umempata pia.

Imetulia? Vizuri, sasa rudisha kipande kimoja. Kimoja tu. Risiva kwanza, kwa nyaya fupi pande zote mbili. Ikitulia, rudisha waya mrefu. Ikitulia, rudisha swichi. Kishawishi cha kubadilisha vitu viwili kwa mpigo ni kikubwa, hasa usiku ukiwa umechoka, lakini ukifanya hivyo picha ikapona hutajua dawa ilikuwa ipi, na siku ikirudi utaanza sifuri.

Ukipata waya unaoshukiwa, hakikisha: upeleke sehemu nyingine ya mfumo inayofanya kazi vizuri. Waya mbovu unaondoka na ugonjwa wake. Kama ugonjwa haukuufuata, usiutupe. Tatizo ni tundu au kifaa.

Punguza mzigo, kisha panda ngazi

Hatua hii inakuambia kama tatizo ni kasi ya data. Ingia kwenye mipangilio ya chanzo, shusha picha hadi 1080p kwa fremu 60, zima HDR, na utazame. Ikitulia kabisa, na ikipandishwa inaanza tena, basi kuna kipande njiani kisichoweza kubeba mzigo. Sasa panda taratibu:

1. 1080p, fremu 60: takribani gigabiti 4.5 kwa sekunde.
2. 4K, fremu 24 au 30, biti 8: karibu gigabiti 8.9.
3. 4K, fremu 60, rangi 4:2:0, biti 8: karibu 8.9 vile vile. Ukiweka HDR ya biti 10, inafika 11.1.
4. 4K, fremu 60, rangi 4:2:2 na HDR: 17.8, yaani karibu na kikomo cha HDMI 2.0 ambacho ni 18.
5. 4K, fremu 120, biti 10, rangi kamili: takribani 40. Hii inahitaji HDMI 2.1, ambayo kikomo chake ni 48.

Hizo namba za 4:2:0 na 4:2:2 zinahusu kiasi cha taarifa za rangi kinachotumwa, na biti 8 au 10 ni wingi wa viwango vya kila rangi. Ukiona 4:2:0 ni ndogo usidhani unadhulumiwa: filamu za kwenye diski na za mtandaoni zimehifadhiwa kwa 4:2:0 tangu mwanzo. Kwa kutazama filamu, kushuka hapo hakukupunguzii kitu utakachokiona ukiwa umekaa kwenye kochi. Maandishi madogo ya kompyuta ndiyo yatakayolalamika.

Tazama tena namba ya pili na ya nne, kwa maana zinaeleza kisa kinachowachanganya wengi. Diski ya 4K inacheza vizuri saa mbili nzima, lakini kisanduku cha mtandaoni kinakatika kila mara kikiwa kwenye waya huo huo. Deki inatoa filamu kwa fremu 24, mzigo wake ni mdogo. Kisanduku kimepangwa kutoa kila kitu kwa 4K, fremu 60 na HDR, hata filamu ya fremu 24 na hata menyu, kwa hiyo waya unabeba gigabiti 17.8 muda wote. Waya uliochoka unaimudu ya kwanza na kushindwa na ya pili. Ukiwasha ulinganishaji wa fremu kwenye kisanduku, mzigo wakati wa filamu unaanguka vibaya sana, na giza linaweza kwisha bila kununua kitu.

Waya wenyewe

Sasa ndiyo tuzungumze waya. Maandishi "HDMI 2.1" au "8K" kwenye pakiti ni ya muuzaji. Lebo zenye maana ni za majaribio: "Premium High Speed" kwa gigabiti 18, na "Ultra High Speed" kwa 48. Waya uliopita majaribio hayo huwa na kibandiko chenye msimbo unaoweza kuuchanganua kwa simu. Waya wa bei ya wastani wenye kibandiko halali unaushinda ule wa dhahabu usio nacho, na dhahabu kwenye kichwa cha waya haiongezi ubora wa picha hata chembe.

Urefu ndio adui mkubwa. Kwa waya wa shaba wa kawaida, kama unataka gigabiti 18, mimi huanza kuwa na wasiwasi baada ya mita 5. Kwa 48, baada ya mita 3. Kwa hiyo nunua urefu unaohitaji, si "wa akiba" wa mita 10 utakaouviringisha nyuma ya kabati. Uangalie pia umepitaje: kona kali, waya uliobanwa na mguu wa meza, kichwa kilichosukumwa na ukuta. Adapta za pembe na viunganishi vya nyaya mbili ni vidogo lakini kila kimoja kinakula sehemu ya nguvu. Vitoe wakati wa kupima.

Safari ndefu ya kwenda kwenye projekta inahitaji waya wa nuru, wenye nyuzi za kioo ndani. Huu una mambo yake mawili. Una upande: kichwa kimoja kimeandikwa cha chanzo na kingine cha skrini, na ukiugeuza hupati picha kabisa. Tena unahitaji umeme, ambao unauchukua kwenye tundu la HDMI la chanzo, na tundu hilo halilazimiki kutoa zaidi ya miliampea 55 kwa volti 5. Vyanzo vingine vinatoa hicho kidogo tu, na waya unakatika kila umeme unapopungua. Ikiwa wako una mkia mdogo wa USB, uchomeke. Ikiwa unapanga kuupitisha ukutani, ujaribu sakafuni kwanza kwa siku kadhaa, kwa muundo mzito kabisa unaoutumia.

Vifaa visivyoelewana

Kama hata kwa waya mfupi na 1080p giza linaendelea, achana na mawazo ya kasi na uangalie mazungumzo ya vifaa. Kabla ya picha kutokea, TV hukitumia chanzo orodha ya inavyoviweza, orodha inayoitwa EDID. Kisha vifaa hukaguana haki za maudhui kwa HDCP. Mazungumzo haya hupita kwenye nyuzi za polepole ndani ya waya huo huo, tofauti na zile zinazobeba picha. Ndiyo maana waya mrefu unaweza kupitisha picha nzuri na bado ukavuruga mazungumzo. Toleo la zamani la HDCP linarudia ukaguzi kila sekunde 2 hivi, basi jibu moja likipotea tu, picha inafungwa na kuanza upya.

Maudhui mengi ya 4K yanadai HDCP 2.2 au zaidi, na yanaidai kwa kila kifaa njiani. Risiva ya zamani katikati ya chanzo kipya na TV mpya inatosha kuharibu, iwe kwa giza au kwa picha kushushwa hadi 1080p kimyakimya. Splita na swichi za bei rahisi zinafanya vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, swichi isiyo na jina iliyokaa kati ya vifaa viwili vizuri ndiyo ya kushukiwa kabla ya kitu kingine chochote. Splita inayopeleka picha kwenye TV na projekta ina udhia wa ziada: mara nyingi huchukua orodha ya kifaa chenye uwezo mdogo na kuvilazimisha vyote kuifuata.

Halafu kuna CEC, kile kinachoruhusu rimoti moja kuwasha kila kitu. Kila kampuni imekipa jina lake: Anynet+ kwa Samsung, SimpLink kwa LG, BRAVIA Sync kwa Sony. Kinapopagawa, kifaa kilicholala huamka na kujitwalia skrini, au TV inarukia tundu jingine na kurudi. Kwa anayetazama, hiyo ni picha kukatika. Kizime kwenye vifaa vyote kwa siku moja au mbili. Giza likiisha, washa kifaa kimoja kimoja mpaka umjue mkorofi. Kumbuka tu kwamba kwenye TV nyingi ARC, njia ya kurudisha sauti ya TV kwa waya wa HDMI, inategemea CEC, kwa hiyo sauti ya TV kwenda kwenye saundbaa inaweza kunyamaza wakati wa jaribio.

Mipangilio ya kila tundu

TV nyingi hutoka kiwandani matundu yakiwa yamefungwa kwenye kasi ndogo ili vifaa vya zamani visisumbuke. Kasi kubwa unaiwasha mwenyewe, tundu kwa tundu: kwenye Samsung tafuta "Input Signal Plus", kwenye LG "HDMI Ultra HD Deep Colour", kwenye Sony "HDMI signal format" na uchague "Enhanced format". Risiva nayo ina mpangilio wake wa aina hiyo, na ndiyo inayosahaulika. TV ikiwa juu na risiva ikiwa chini, au kinyume chake, chanzo kinapewa orodha isiyolingana na uwezo wa njia. Soma pia alama kando ya matundu, kwa sababu TV nyingi zina matundu mawili tu ya kasi kamili kati ya manne.

Mpangilio huu unafanya kazi pande zote mbili. King'amuzi cha zamani kinachokatika kwenye tundu la kasi kubwa mara nyingi hupona ukilirudisha tundu hilo kwenye muundo wa kawaida.

Joto, umeme na kiti

Picha ikianza kukatika baada ya saa moja ya kutazama lakini si kabla, gusa juu ya risiva. Chipu za HDMI hupata joto, na risiva iliyofungiwa kabatini juu ya deki haina pa kupumulia. Iache wazi, na hewa juu yake, kisha ujaribu tena. Hii ni moja ya sababu chache ambazo ukizitibu unaona jibu jioni hiyo hiyo.

Umeme una visa vyake. Ukihisi unatetemeshwa kidogo unapogusa mwili wa king'amuzi, au giza linatokea friji ikiwaka, jaribu kuchomoa waya wa antena au wa dishi kwenye king'amuzi na utazame chanzo kingine kwa muda. Waya huo unaleta njia ya pili ya ardhi kutoka nje, na tofauti ya volti kati ya njia hizo mbili inapita kwenye HDMI yako. Weka vifaa vyote kwenye soketi moja, na antena iungwe ardhi na fundi umeme. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi hata uambiwe na nani. Pini hiyo ipo kwa ajili ya uhai wako.

Na kile kiti. Viti vya ofisi vyenye bomba la gesi huweza kurusha cheche ndogo ya umeme tuli mtu anapoinuka au kukaa, na mlipuko huo wa mawimbi unaingia kwenye waya usio na kinga nzuri. Skrini inazima sekunde moja na kurudi. Kabla ya kucheka, mwambie mtu ainuke na kukaa mara kadhaa huku unaangalia TV.

Programu za ndani

Sasisha programu za ndani za TV, risiva na vyanzo vyote, lakini fanya hivyo baada ya kufupisha njia, la sivyo utachanganya matokeo. Sasisho linatibu kutoelewana. Halitibu waya mrefu, na si kila kasoro ya chipu inatibika kwalo: mwaka 2020 baadhi ya risiva za kwanza za HDMI 2.1 zilitoka na chipu iliyoshindwa kupitisha 4K ya fremu 120 kutoka Xbox Series X, skrini ikawa nyeusi, na suluhisho likawa kifaa cha kuongezea nje au kubadilishiwa bodi. Ukiwa na risiva ya kipindi hicho, uliza kuhusu namba yake ya modeli kabla ya kupoteza wikiendi nzima.

Ukikuta kosa ni risiva na huna mpango wa kuibadilisha

Ipitie pembeni. Chanzo kiende moja kwa moja kwenye TV, na sauti irudi kutoka TV hadi risiva kwa tundu lililoandikwa ARC au eARC. Picha haigusi tena risiva, kwa hiyo udhaifu wake wa HDMI haukuhusu. Ikiwa pande zote mbili zina eARC, sauti inaweza kurudi bila kupunguzwa, pamoja na zile nzito za diski za Blu-ray. Kwa sauti za spika nyingi, ARC ya kawaida inabeba zilizobanwa na kupunguzwa tu, ambazo kwa filamu nyingi za mtandaoni zinatosha. Baadhi ya deki za 4K zina matundu mawili ya HDMI ya kutolea, moja la picha na moja la sauti, na hapo huhitaji hata ARC.

Ukishahama, kwenye TV chagua sauti ya kutoka iwe ya kupitisha bila kuchakatwa, kisha tazama mtu anayeongea kwa karibu. Midomo ikitangulia maneno au kuchelewa, rekebisha muda wa sauti kwenye risiva, milisekunde chache kwa wakati mmoja, hadi viende pamoja.